Mti wa maamuzi na jedwali la maamuzi sio kitu kimoja jamani

Kuna watu wanashikilia kwamba ukishachora mti wa maamuzi, yaani mchoro wa maswali ambapo kila jibu lina tawi lake, basi jedwali la maamuzi, lile la kuorodhesha kila mchanganyiko wa majibu na uamuzi wake, la nini tena, si yaleyale tu yamepangwa kwenye mistari. Hapana bana.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, tuseme Ngamiani, linataka programu ya kuamua usafiri wa mzigo. Maswali matatu: mteja kalipa? anakaa mjini? mzigo mzito? Kila swali ni ndiyo au hapana, kwa hiyo mbili mara mbili mara mbili, michanganyiko 8. Sasa anza kujaza jedwali. Hajalipa, hakiendi kitu, hapo mistari minne inakuwa mmoja, kwenye mji na uzito unaweka kistari tu maana havibadilishi jibu. Kalipa na yuko mjini, mzito kirikuu (pikapu ndogo), mwepesi bodaboda. Kalipa, yuko nje ya mji, tuseme Muheza, mzito, lori. Kalipa, yuko Muheza, mzigo mwepesi... kimya, bosi hakuwahi kusema! Kwenye mti tawi hilo ungelisahau na mchoro ukaonekana umekamilika kabisa, ila kwenye jedwali unahesabu mistari na pengo linakukodolea macho.

Mti nao una kazi yake, unaonyesha swali lipi lianze, na muuzaji kaunta anaufuata bila kufundishwa sana. Ila maswali yakifika 10 michanganyiko ni 1,024, hapo hata jedwali ligawe vipande vipande la sivyo utalia.