Mchaichai wa kwenye ndoo haufukuzi mbu

Jumamosi nilikuwa Sahare, hapa Tanga, kwenye shughuli ya ndugu yangu. Saa moja na nusu usiku, tumekaa nje kwenye mkeka, chakula bado kiko jikoni, kila mtu anajipiga makofi miguuni. Pembeni ya mlango zimepangwa ndoo tatu za rangi zimepandwa mchaichai, umestawi kweli kweli. Nikamuuliza shangazi mbona mbu wengi hivi, akanijibu, "Hao wa nje mwanangu, humu hawaingii, mchaichai unawazuia." Nikawasha tochi ya simu nikamulika zile ndoo. Kwenye jani la katikati ametulia mbu, mwili sambamba na jani, Kuleksi kabisa, yule mbu wa kawaida wa majumbani, tumbo limejaa damu. Amepumzika palepale kwenye dawa.

Hili jambo nimelieleza misibani, kwenye daladala, kwenye magrupu ya wasap, na kila wiki mtu ananitumia tena ile picha ya "mimea saba inayofukuza mbu nyumbani kwako". Kwahiyo leo naandika lote, nikiulizwa tena natuma linki.

Kazi yangu ni mbu. Miaka kumi na moja sasa, vijiji vya Muheza, Pangani na hapa Tanga mjini. Sio mtu wa kudharau majani, nyumbani kwetu bibi alikuwa anachoma kivumbasi kila jioni na mimi mpaka leo nachoma. Ninachokataa ni kitu kimoja tu: kudhani dawa ni jani. Dawa sio jani, dawa ni mvuke unaotoka kwenye mafuta yaliyomo ndani ya jani, na mvuke usipotoka hakuna dawa, na ukishatoka ukaisha hakuna dawa vilevile. Mengine yote yanatokea hapo.

Mbu jike (dume hana shida na wewe, anakunywa maji ya maua) anakufuata kwa hewa unayoitoa puani, akisogea anashika harufu ya jasho na ngozi, akikaribia kabisa anaongozwa na joto. Mvuke wa mafuta ya sitronela (nyasi ndugu wa mchaichai) au kivumbasi unamvuruga hapo mwishoni, anashindwa kukusoma vizuri. Sasa niambie, mchaichai umesimama kwenye ndoo, jani halijaguswa, mafuta yamefungiwa ndani, huo mvuke unatoka wapi? Ukitaka chai inukie unafanyaje? Unalikata, unaliponda, unalichemsha. Hujawahi kuweka jani zima pembeni ya kikombe ukasubiri chai ibadilike. Alafu mchaichai wetu wa chai na sitronela inayoandikwa kwenye machupa ni ndugu tu, sio mmea mmoja, mafuta yao yanatofautiana: mchaichai umejaa sitrali, mwenzake una sitronelali.

Hapa lazima niseme ukweli ambao wenzangu wengi wanauruka. Kuna kazi ilifanyika Kenya magharibi miaka ya 2000 mwanzoni, wakaweka mimea hai kwenye vyungu, ya jamii ya kivumbasi na ile Lantana ya maua ya rangi rangi, na mbu walioingia ndani walipungua kama theluthi hivi. Kwahiyo mimea hai sio bure moja kwa moja, na mtu akiniambia kivumbasi chake kinasaidia kidogo sitabishana naye. Ila theluthi maana yake kati ya mbu tisa sita wanaingia, na hapo ni ndani ya nyumba yenye kuta, sio nje kwenye mkeka ambapo upepo unabeba kila kitu kwenda Pemba. Wenzetu hao hao walipoyapasha majani moto mpaka yatoe mvuke bila kuwaka, matokeo yakawa mazuri zaidi ya mmea uliosimama. Ni kitu kile kile, mvuke ukitoka.

Haya, tuje kwenye kujipaka, hapa ndo ugomvi wangu na watu ulipo. Swali la "je inafanya kazi" halitoshi, uliza inafanya kazi dakika ngapi. Karibu kila mafuta yanayonuka sana yanafanya kazi dakika tano za kwanza. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti Marekani, watu wanaingiza mkono kwenye boksi la mbu na saa inahesabu: dawa yenye DEET (ile kemikali ya kiwandani ya kufukuza mbu) asilimia 23.8 ililinda wastani wa dakika 301, yenye mafuta ya soya dakika kama 95, zile za sitronela hazikufika dakika 20. Bangili za mkononi zilizowekwa dawa, hakuna kitu kabisa. Na bado zinauzwa.

Mimi hili nimeliona kwa macho. Kazi yetu ya usiku tunakaa nje na suruali imekunjwa mpaka magotini, tochi mkononi, mbu akitua tu kabla hajauma tunamnyonya kwa kibomba tunamweka kwenye kikombe cha karatasi chenye neti juu. Kila saa kikombe chake. Kuna usiku Muheza tulijaribu mafuta yaliyotengenezwa na kikundi kimoja cha kina mama, mchaichai na mwarobaini ndani ya mafuta ya nazi, mmoja kajipaka mmoja hajajipaka, tumeachana hatua kadhaa. Vikombe vya saa ya kwanza: cha aliyejipaka karibu kitupu, cha mwenzake wanavuma mpaka unasikia ukiweka sikioni. Saa ya pili, pengo limepungua. Saa ya tatu tukaviweka vikombe viwili mezani na kama si maandishi ya kalamu pembeni usingejua kipi cha nani. Wale wakina mama walifurahi sana na kikombe cha kwanza, wakataka kupiga picha waweke kwenye tangazo. Niliwaomba wapige vyote sita. Sio waongo wale, walitoka kujaribu jioni wakaona mbu wamepungua, wakaingia ndani kulala, nani atakaa nje mpaka saa nne kuhesabu?

Mafuta ya nazi pale yanasaidia jambo moja, yanachelewesha ule mvuke kuisha, ndo maana kuchanganya na nazi ni bora kuliko kuchanganya na maji. Na yeye mwenyewe nazi? Kuna kazi ya Marekani ya 2018 imeonesha asidi za mafuta ya nazi zinafukuza inzi wanaouma, kupe, mpaka mbu, na picha za nazi zikasambaa mtandaoni siku ile ile. Ila ni asidi zilizotenganishwa, sio mafuta ya kupikia wala ya nywele. Karafuu ni kali zaidi: mafuta yake yakiwa hayajachanganywa yanalinda masaa mawili, hata manne, lakini yakiwa hayajachanganywa yanaunguza ngozi, na ukiyachanganya ili yasiunguze muda unapungua. Hesabu haikwepeki.

Sasa mkaratusi. Hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo watu wanapotapeliwa. Upo mkaratusi ambao majani yake ukiyasugua yananuka limau, sio ule wa nguzo. Na ni kweli kabisa kwamba kutoka kwake inapatikana dawa ya kupaka inayoshindana na DEET ya kiwango cha chini, mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, imeikubali tangu 2005, bidhaa ya asilimia 30 inaweza kulinda mpaka masaa sita. Kinachofanya kazi kinaitwa PMD. Lakini mafuta yanayokamuliwa moja kwa moja kwenye majani yamejaa sitronelali, PMD imo kiduchu tu. Inabidi yafanyiwe kazi kwa asidi ndo ile sitronelali inageuka kuwa PMD. Yaani vitu viwili vina jina karibu moja, vinanuka karibu sawa, vinatoka mti mmoja, kimoja kinakulinda usiku mzima wa mpira na kingine kinaisha kabla ya mapumziko. Mwaka jana kwenye gulio moja kijana ananiuzia chupa ndogo kwa elfu kumi na mbili, ananionesha na kwenye simu makala ya PMD. Nikamwambia mdogo wangu hii habari ni ya kweli tupu, ila sio habari ya chupa yako. Alikuwa hajui, na aliyemuuzia nadhani naye hajui. Ukinunua tafuta neno PMD na asilimia yake kwenye lebo, ukikosa hayo umenunua marashi. Na hiyo ya PMD usimpake mtoto chini ya miaka mitatu.

"Lakini ya asili haina madhara." Hili ndo linaniuma kuliko yote. Mtoto wa binamu yangu alikuja likizo kutoka Dar, visubi (vile vijidudu vidogo vinavyouma) wakamuuma pale ufukweni Raskazone, mtu mzima akamkamulia ndimu mikono yote miwili, kwamba inatoa muwasho na inafukuza wasirudi, alafu akaachwa acheze juani saa nne asubuhi. Kesho yake mikono imekuwa myekundu, keshokutwa malengelenge, na yalikuwa na umbo la matone, ile michirizi ndimu ilivyotiririka kutoka begani kuja kwenye kiwiko, ungeweza kufuata kwa kidole. Walikompeleka swali la kwanza lilikuwa nani kammwagia mtoto maji ya moto, mama yake analia. Ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi zinaunguza, haina haja ya moto. Alama nyeusi zilikaa miezi. Kwahiyo ndimu na limao kwenye ngozi mchana, hapana, hapana kabisa. Muwasho weka barafu au mshubiri, kata kucha za mtoto asijichune.

Haraka haraka: kula vitunguu swaumu hakubadilishi kitu, imepimwa. Vidonge vya vitamini B hivyo hivyo. Programu ya simu inayopiga mlio wa kufukuza mbu, ifute.

Moshi. Makumbi ya nazi, majani ya mwarobaini, kivumbasi, mbu wanapungua kweli, na mimi nimeshasema nachoma. Ila nachoma nje, upande upepo unakotokea, na watoto hawakai kwenye moshi. Ile dawa ya kuchoma ya mduara watu wanaiona salama kwa sababu moshi wake mwembamba. Imepimwa kwamba duara moja linatoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Hiyo unamuwashia mtoto chini ya kitanda, na dirisha umefunga.

Na jambo ambalo sipendi kulisema kwa sababu linawavunja watu moyo: mbu aliyefukuzwa hajafa, bado ana njaa. Bonde la Kilombero walifuatilia kaya zinazotumia dawa ya kupaka na zisizotumia ndani ya kijiji kimoja, na waliokuwa hawapaki walipata mbu wengi zaidi kuliko kama jirani zao wasingepaka. Kwahiyo mkikaa barazani mkajipaka watu wazima, watoto hamjawapaka, mnawaelekezea. Namba zetu za maabara nazo zichukue kwa tahadhari, zimetoka kwa watu wachache waliokaa kimya na mkono umenyooka. Wewe unatoka jasho, unabeba sufuria, unajifuta na kanga, yale masaa sita yako yanaweza kuwa matatu. Pakeni wote, na rudieni.

Nikirudi kwa shangazi. Nyuma ya nyumba yake nilikuta vifuu na makaka ya madafu ya wiki ile ya shughuli, yana maji ya mvua, na ndani viluwiluwi wanapanda na kushuka. Hao ni wa Aedesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, wa homa ya dengi, 2019 tulipomjua vizuri hapa Tanga. Yeye anauma mchana, moshi wa jioni haumhusu, ndoo ya mchaichai ndo kabisa, tena vile visahani vya kupokea maji chini ya ndoo anavipenda sana. Kutoka yai mpaka mbu anaruka ni kama siku saba mpaka kumi, ukimwaga kila Jumamosi hawamalizi. Tulimwaga pamoja usiku ule ule, yeye ameshika tochi.

Mnaouliza kuhusu visubi wa ufukweni: chandarua cha kawaida wanapita kwenye matundu, na mafuta mazito ya nazi yanawanasa wachache tu ngozini. Udhaifu wao ni upepo, hawawezi kuruka kwenye upepo, hata feni ya mezani ukiielekeza miguuni inawashinda, na mbu pia inamsumbua. Kusi ikiwa inavuma kaa ufukweni mpaka uchoke. Ikikata jua linapozama na maji yanatoka mikokoni, kunja mkeka uondoke, hapo hata ujimwagie chupa nzima watakuja tu.