Je, wajua kwa nini Paris ina lango lisilo na ukuta?

Ukifuata barabara ya Rue Saint-Denis kuelekea kaskazini, utafika kwenye tao la mawe lenye urefu wa karibu mita 25. Ni Porte Saint-Denis, lango la jiji. Lakini kushoto hakuna ukuta, na kulia vilevile hakuna.

Zamani ukuta ulikuwepo. Ulijengwa karne ya 14, enzi za mfalme Charles V, na lango lake lilikuwa ngome hasa, ya kumzuia adui. Mwaka 1670 Louis XIV akaamuru kuta hizo zibomolewe. Majeshi yake yalikuwa na nguvu, na mhandisi Vauban alikuwa akiimarisha ngome za mipakani, kwa hiyo vita vingepiganwa huko mbali. Mahandaki yakafukiwa, ikapandwa miti, watu wakapata mahali pa kupunga hewa.

Mbona basi lango likajengwa upya mwaka 1672? Kwa sababu hii ilikuwa njia ya wafalme. Walipita hapa wakiingia jijini kwa shangwe, na walipofariki walipitishwa hapa kwenda kuzikwa kwenye kanisa la Saint-Denis. Kazi akapewa François Blondel, mwanahisabati na mhandisi, aliyeiga tao la Titus lililoko Roma.

Juni mwaka huohuo jeshi la Louis lilivuka mto Rhine kuivamia Uholanzi, na ushindi huo ukachongwa kwenye tao. Juu kabisa kumeandikwa kwa Kilatini LUDOVICO MAGNO, yaani "Kwa Louis Mkuu". Mimi ningekuomba utazame chini, upande wa kusini. Mwanamke ameketi kwa majonzi juu ya simba aliye taabani. Mwanamke huyo ndiye Uholanzi, na simba ameshika mishale saba, mmoja kwa kila jimbo la nchi hiyo wakati huo. Sifa zote zilizo juu zimesimama juu ya msiba wa watu wengine, na mchongaji Michel Anguier aliuchonga msiba huo waziwazi.

Mwaka 1674 tao la pili, Porte Saint-Martin, likainuliwa jirani, nalo la kumsifu mfalme huyohuyo. Ila adui alikuja kufika: Machi 1814 majeshi ya kigeni yaliingia Paris, na miaka ya 1840 jiji likazungushiwa tena ukuta wa kijeshi, mbali zaidi na katikati ya jiji.