Mji mgeni: usiulize ni mbali kiasi gani, uliza basi linapita kila baada ya dakika ngapi

Kazi yangu ni kupanga ruti za mabasi na treni, yaani kutwa nzima nashinda na ratiba na ramani, na swali ninaloulizwa sana na watu wanaohamia mji wasioujua ni "kutoka hapa mpaka pale ni mbali?" Swali hilo halikufikishi popote. Kilomita 8 kwenye laini inayopita kila dakika 5 unafika mapema kuliko kilomita 3 kwenye laini inayopita mara moja kwa saa, kwa sababu kinachokula muda wako mara nyingi sio mwendo, ni kusubiri. Kwa hiyo kabla hujachagua hata pa kukaa, tafuta laini zinazopita mara kwa mara mchana kutwa, jioni na Jumapili, afu tafuta nyumba karibu na mojawapo. Ukishafanya hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Basi likipita kila dakika 10 na wewe ukafika kituoni bila kuangalia saa, kwa wastani utasubiri dakika 5. Sasa chukua mabasi yale yale, idadi ile ile, lakini yanakuja mawili mawili kila dakika 20, hapo wastani wako wa kusubiri unapanda hadi dakika 10 wakati ratiba ukutani haijabadilika hata kidogo. Na hii inatokea kila siku kwenye miji mikubwa, sio uzembe wa dereva. Basi likichelewa kidogo tu, kituo kinachofuata linakuta watu wengi zaidi, watu wengi wanachukua muda kupanda, linazidi kuchelewa, na lile la nyuma yake linakuta vituo vimebaki na watu wawili watatu kwa hiyo linakimbia mpaka linalikamata la mbele. Ndo maana ukisubiri muda mrefu afu likaja basi limejaa mpaka mlangoni, usiligombanie. Fungua apu ya usafiri kwenye simu, mara nyingi utaona jingine liko nyuma yake dakika moja au mbili, na hilo lina siti.

Watu wengi pia wanaogopa kuunganisha, yaani kushuka njiani na kupanda laini nyingine, wanang'ang'ania basi la moja kwa moja hata kama linapita kila dakika 40. Hapo unasubiri wastani wa dakika 20. Laini mbili zinazopita kila dakika 6 zinakupa kusubiri dakika 3 mara mbili, basi. Muhimu tu uangalie kituo cha kuunganishia kikoje, kama unatakiwa kuvuka barabara kubwa au kupanda ngazi nyingi na mizigo hesabu inabadilika.

Ramani za metro nazo usiziamini kwa umbali. Ile ya London, aliyoichora Harry Beck ikatoka mwaka 1933, inaonyesha mpangilio wa vituo, haionyeshi mita. Leicester Square mpaka Covent Garden ni kama mita 260 tu, ukihesabu kushuka chini na kupanda tena, kwa miguu unawahi. Kwa hiyo fungua ramani ya kawaida pembeni, na uipakue kabisa kwenye simu maana chini ya ardhi mtandao unaweza kukata. Kitu kingine ni mwelekeo: jifunze jina la kituo cha mwisho cha kila upande, sehemu nyingi ndo hilo linaloandikwa mbele ya gari. New York kuna treni zinazosimama kila kituo na za ekspresi zinazoruka vituo, tena stesheni nyingine mlango wa barabarani unakupeleka upande mmoja tu wa reli, soma kibao kabla hujagusisha kadi.

Malipo, uliza vitu viwili: unagusisha kadi wakati wa kuingia tu au na kutoka pia, na je tiketi inagongwa muhuri? London kwenye metro unagusisha kuingia na kutoka, kwenye basi kuingia tu. Na kama unalipa kwa kadi ya benki tumia kitu kile kile kutwa, maana kadi ya plastiki na kadi hiyo hiyo ndani ya simu mfumo unaziona kama watu wawili, ile nafuu ya kiwango cha juu cha siku, yaani ukishafikia kiasi fulani hukatwi zaidi siku hiyo, huipati. Berlin hakuna mageti, lakini tiketi ya karatasi ambayo haijagongwa muhuri kwenye mashine, mkaguzi anaihesabu kama huna tiketi.

Sasa gari. Mimi sio adui wa magari hata kidogo, kwenda nje ya mji, kubeba vitu au kusafiri na mzee asiyeweza kutembea sana, gari ni msaada mkubwa. Ila kwa katikati ya mji anza na paking kabla ya njia: ukijua utaliacha wapi ndo utajua kama safari inawezekana. Afu angalia kama kuna eneo la kulipia au la kuzuiwa. London wanatoza kuingia katikati tangu 2003, Stockholm wameifanya ya kudumu tangu 2007, na miji mingi ya Italia kama Florence ina maeneo ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, kamera inasoma namba za gari na faini inakufuata kupitia kampuni iliyokukodishia. Sheria ndogo ndogo nazo zisome mapema: Ufaransa na Ujerumani kwenye makutano yasiyo na alama unampisha anayetoka kulia, na New York City kukata kulia taa ikiwa nyekundu ni marufuku isipokuwa kibao kiruhusu.

Njia ninayoipendekeza kwa wengi ni kuliacha gari kwenye stesheni ya pembezoni yenye paking na kuingia mjini kwa treni. Hakikisha tu unajua treni ya mwisho ni saa ngapi na paking inafungwa saa ngapi, maana sio kila mji uko kama New York ambako metro inatembea usiku kucha. Tokyo treni nyingi zinaisha kati ya saa 6 na saa 7 usiku, na gari lako liko upande wa pili wa mji.