Mninga si rangi: kuchagua raiza zinazolingana na tredi

"Mninga ni mninga, wewe agiza tu." Kauli hii hurudi kila mwenye nyumba anapokuwa na tredi (mbao za kukanyaga) tayari kwa ngazi yake ya zege huku akitafuta mbao za raiza (zinazosimama kati ya hatua na hatua), na matokeo yake ni ngazi yenye mabaka: tredi za kahawia ya dhahabu, raiza nyekundu kama tofali, na fundi anayelaumiwa kwa vanishi. Vanishi haina kosa. Jina la mti halikuahidi rangi. Kiini cha mninga huanzia kahawia hafifu hadi kahawia nyekundu iliyokoza, kikiwa na michirizi au bila, na miti miwili ya pori moja la miombo inaweza kukupa mbao zisizofanana kabisa. Mshonaji akitaka gauni na kilemba vifanane huvikata kwenye jora moja. Hangoji mwezi upite ndipo atafute rangi ileile duka jingine. Mbao nazo zinataka hivyo.

Kwa hiyo raiza hununuliwa siku moja na tredi, kwenye fungu moja. Njia bora ni kununua mbao nene za inchi 2 kwa kazi yote. Zilizo pana na safi zinakuwa tredi. Zinazobaki unazipasua katikati: milimita 50, toa 4 zinazoliwa na msumeno, unabaki na vipande viwili vya milimita 23, ambavyo baada ya randa vinatoka 18 au 19. Unene huo unatosha kabisa kwa raiza iliyoegemea zege, kwa sababu haibebi mtu. Ila usivipige randa siku hiyohiyo. Ubao uliopasuliwa umefungua tumbo lake lililokuwa na unyevu zaidi, na utajikunja. Upange kwa vijiti vya kutenganishia, hewa ipite pande zote, wiki mbili hivi, ndipo urande.

Hesabu nitaipitia haraka. Kutoka sakafu hadi sakafu mita 3, vidato 18, kila kimoja kinapanda milimita 167. Raiza ni 18, tredi ni 17, kwa kuwa hatua ya mwisho unakanyaga sakafu ya juu yenyewe. Sijui kwa nini oda nyingi bado huandikwa namba moja kwa zote mbili. Ngazi ikiwa na upana wa mita 1, ubao wa futi 12 unatoa raiza tatu na kuacha sentimita 66 za kukatia ncha zilizopasuka. Mbao sita nyembamba zinatosha kwenye karatasi, nunua nane, au nne nene za kupasua.

Upana wa ubao unategemea kiungo, na hili liamuliwe kabla ya kwenda kununua. Tredi ikiwa na unene wa milimita 30 na raiza ikasimama juu yake, unahitaji milimita 137, na ubao wa inchi 1x6 uliorandwa vizuri unafika 140. Raiza ikishuka nyuma ya tredi, unahitaji 167 kamili, na hapo ni 1x8 tu. Halafu pima kila kidato cha zege peke yake. Zege lililomwagwa kwa haraka hutofautiana milimita 10 na zaidi kati ya hatua na hatua, na ukikata raiza zote kwa kipimo kimoja, nusu yake utazitupa. Tena, tofauti hizo hazifichwi kwa raiza fupi na ndefu: sawazisha zege kwanza, kwa sababu mguu wa mtu hujikwaa kwenye kidato kisicholingana na vingine.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Kata ubao mmoja vipande viwili, laza kimoja, simamisha kingine: utaona rangi mbili. Mwanga wa dirisha au wa taa ya darini huangukia tredi moja kwa moja. Raiza huupata kwa ubavu, tena ikiwa chini ya kivuli cha pua ya tredi inayotokeza milimita 25. Raiza itaonekana nyeusi zaidi. Hiyo ndiyo hali ya ngazi, na mwenye nyumba aelezwe mapema ili asije akadai ubao ubadilishwe.

Kisha kuna nyuzi. Mninga, mvule na mkangazi zote zina nyuzi zinazopishana: ukanda mmoja umeegemea huku, wa jirani umeegemea kule. Mwanga huingia kwenye vinywa vya nyuzi za ukanda mmoja ukaonekana umekoza, na kuteleza juu ya mwingine ukang'aa. Geuza ubao, ncha ya kulia iende kushoto, na kanda zitabadilishana: uliokuwa mweusi unang'aa. Ndiyo maana raiza mbili zilizotoka kwenye ubao mmoja zinaweza kuonekana za miti miwili. Dawa yake ni chaki. Kabla ya kukata, chora mshale nyuma ya kila ubao kutoka ncha moja hadi nyingine, andika namba ya ubao, na wakati wa kufunga mishale yote iangalie upande mmoja. Huu ni uangalifu usiogharimu senti, na bado haufanywi.

Mchoro nao una uzito kuliko rangi. Ubao uliopasuliwa bapa unaonyesha vilima vinavyopandana. Uliopasuliwa kuelekea kitovu cha gogo unaonyesha mistari iliyonyooka. Ukiweka tredi za vilima na raiza za mistari, jicho litasema ni miti tofauti hata kama vyote vimetoka gogo moja. Vitabu hupendekeza mistari iliyonyooka kwa raiza, kwa kuwa ubao wa namna hiyo husinyaa karibu nusu ya ule wa bapa. Ni kweli, lakini silikubali kama sheria. Mbao zikiwa zimekauka sawasawa, nitachagua mchoro unaofuata tredi. Zikiwa na shaka ya unyevu, nitachagua mistari na kukubali tofauti. Katikati ya hali hizo mbili nasitasita kila mara, na sioni namba inayoweza kuniamulia.

Weupe wa pembeni mwa gogo utoke wote. Kuupaka rangi ya kukoleza hadi ufanane na kiini hudumu miezi michache tu: rangi hubadilika tofauti na mbao ya jirani, na wadudu wa unga huanzia hapohapo kwenye weupe.

Kwa tredi zilizokwisha kukaa miaka nyumbani, ugumu ni mwingine. Mvule mpya ukitoka kwenye randa ni wa manjano, kisha mwanga huupeleka kahawia. Msaji hutoka na mabaka na michirizi ya kijani au kijivu, kisha hutulia kuwa kahawia ya dhahabu. Ukiikoleza raiza mpya leo ilingane na tredi ya zamani, mbao yenyewe itaendelea kukoza chini ya rangi na mwakani itakuwa imepitiliza. Weka vipande vya majaribio juani, nusu umefunika kwa kadibodi, uone mbao hiyo inakwenda wapi na kwa kasi gani. Au piga msasa tredi za zamani hadi kwenye mbao tupu, zianze safari pamoja na raiza. Njia hii ya pili ni vumbi na jasho, nami naiona ya uhakika zaidi, ingawa tredi nyembamba zilizoliwa katikati hazitaistahimili.

Jaribio la rangi lifanyike palepale kwenye ngazi. Vipande viwili vya sentimita 30, vyote vimepigwa msasa hadi namba ileile, tuseme 150. Tredi ikiishia 120 na raiza 220, raiza itakunywa rangi kidogo na kubaki hafifu. Vipake tabaka zote za vanishi mnayokusudia, kwa sababu vanishi ya mafuta huongeza umanjano na ya maji haiongezi. Kwa mvule na msaji futa kwanza kwa thina na upake sila (tabaka ya kuziba mbao), la sivyo vanishi ya mafuta inaweza kukawia kukauka kwa siku kadhaa. Viunge kwa pembe ya mraba, uviweke kwenye kidato cha chini na cha juu, uvitazame asubuhi na tena usiku taa ikiwashwa. Taa nyeupe inayoelekea samawati huua wekundu wa mninga. Taa ya manjano huuchochea.

Kufunga: Dar es Salaam na Mombasa mbao ya ndani hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 13 hadi 15. Raiza ya milimita 167 ikifungwa ikiwa na asilimia 20, kwa mbao ya kawaida itapungua takriban milimita 2, na ufa huo utaonekana kutoka sebuleni. Chimba mfereji wa kina cha milimita 3 chini ya tredi (ziongeze kwenye upana wa raiza), ingiza ukingo wa juu wa raiza bila gundi, na ubane ukingo wa chini peke yake.

Kama hakuna fungu linalokaribia tredi zako, acha kutafuta "inayofanana kidogo". Tofauti ndogo huonekana kama kosa, kubwa huonekana imekusudiwa. Paka raiza nyeupe juu ya paini iliyokaushwa. Macho ya wazee wanaopanda nayo yataona vizuri mwisho wa kila tredi. Ziba vifundo kwa sila kabla ya rangi, visije vikatoa utomvu wa manjano, na usitumie MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) kwenye ngazi inayodekiwa kwa maji, kwa sababu ukingo wa chini utavimba.