Mlango wa gereji ulianza kama sanduku la vyuma

Kwetu ukisema gereji, mtu anawaza fundi aliyelala chini ya gari, mikono imejaa grisi. Marekani neno hilohilo ni chumba cha kulaza gari nyumbani, na ule mlango wake mpana unaopanda juu wengi wetu tuliuona kwenye filamu kabla ya kuuona kwa macho. Mimi riziki yangu ni kufunga mageti, kwa hiyo habari za mlango huu hazinipiti. Mengi yanayosemwa kuhusu mwanzo wake yana kasoro, na wanaodhulumiwa zaidi ni wale waliovitembeza vyuma vyake mji kwa mji.

Dhana: Tangu mwanzo mlango wa gereji ulikuwa wa kupanda juu.

Hapana. Ford Model T ilipotoka mwaka 1908 na bei yake ikaendelea kushuka, watu wa kawaida walipata gari kabla hawajapata pa kuliweka. Waliliingiza kwenye zizi la farasi, au wakajenga kibanda nyuma ya nyumba. Mlango ulikuwa wa zizi vilevile: mbao mbili pana, kila moja na bawaba zake ndefu, zikifunguka kwa nje.

Aliyewahi kufunga geti zito la mbao anajua shida iliyofuata. Bawaba ya juu ndiyo inayovutwa itoke, ya chini inasukumwa iingie. Skrubu za juu zikilegea kidogo tu, mlango unainama, na ile kona ya chini iliyo mbali na bawaba inaanza kuchora nusu duara kwenye udongo. Baada ya muda mwenye nyumba anaufungua kwa kuunyanyua na bega. Ongeza theluji iliyojaa mlangoni, na upepo unaoubamiza mlango ubavuni mwa gari likiwa katikati ya kuingia.

Kila adha hapo ilizaa kifaa chake. Stanley Works ya New Britain, Connecticut, waliuza bawaba ndefu za gereji na mkono wa chuma wa kushikilia mlango uliofunguliwa usirudi na upepo. Unavuta mnyororo, mkono unaachia. Richards-Wilcox ya Aurora, Illinois, iliyotokana na kampuni mbili zilizoungana mwaka 1910, walichukua reli za milango ya maghala ya shambani wakazipeleka gereji. Mlango wa vipande kadhaa ulining'inia kwenye reli kwa vigurudumu, ukasukumwa pembeni, ukajikunja kufuata ukuta wa ndani. Geti la kusukuma la Dar au Nairobi ni ndugu wa karibu kabisa wa mlango huo, ila kwetu reli mara nyingi iko chini na inajaa mchanga.

Dhana: Watu walinunua mlango.

Walinunua vyuma. Mlango wenyewe aliutengeneza seremala wa mtaani kwa mbao za hapohapo. Kutoka kiwandani lilikuja sanduku lenye seti nzima: bawaba au reli, vigurudumu, komeo, mpini, bolti na skrubu zake, pamoja na maelezo ya kufunga. Kusafirisha sanduku kwa treni ni rahisi, mlango wa mbao wenye upana wa gari ni mzigo mwingine. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa katika historia hii, kwa sababu ndilo lililofanya biashara hiyo ibebeke na muuzaji msafiri mmoja mwenye begi.

Dhana: Wauzaji hao wasafiri walikuwa wachuuzi wa kugonga milango.

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wachuuzi wa nyumba kwa nyumba walikuwepo, lakini aliyetumwa na kiwanda au na muuzaji wa jumla hakuwa na bidhaa ya kukuachia. Alibeba sampuli na katalogi. Alishuka kwenye treni, akapanga chumba hotelini, na hoteli nyingi zilikuwa na vyumba maalumu vya kutandaza sampuli. Kisha akamwendea mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akafungua kigurudumu chake mezani, akakizungusha kwa kidole ili mwenye duka asikie kama kinakwaruza. Oda ikaandikwa, mzigo ukaja baadaye. Kwa lugha ya kwao waliitwa wapiga ngoma, maana kazi yao ilikuwa kuita biashara.

Hawakuwa watu wa pembeni pia. Mwaka 1887 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mmoja wao, Robbins, aliyekuwa Memphis akiuza kwa sampuli bidhaa za kampuni ya Cincinnati. Alitakiwa alipe leseni ya dola 10 kwa wiki au 25 kwa mwezi. Mahakama ikasema jimbo haliwezi kutoza namna hiyo biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Mwaka uliofuata wauzaji wasafiri walianzisha Columbus, Ohio, chama chao cha kusaidiana na kukatiana bima. Hata Biblia za Gideoni unazozikuta kwenye droo za hoteli zinatokana na umoja ulioundwa mwaka 1899 na wauzaji wasafiri huko Wisconsin.

Dhana: Mlango wa kupanda juu ulitoka kichwani mwa mtu mmoja.

C. G. Johnson, anayetajwa kuwa ndiye mvumbuzi wake, anastahili heshima yake. Alianza kuutengeneza Detroit mwaka 1921 na mwenzake Owen Dautrick, na kampuni yao, Overhead Door, ikaja kuhamia Hartford City, Indiana. Lakini wazo la mlango wa kupanda lilikuwa kwenye katalogi za Marekani tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20. Alichofanya Johnson vizuri kuliko wengi ni kuupeleka kwa watu. Kampuni inasimulia kwamba walifunga mfano mdogo wa mlango nyuma ya Model T, wakazunguka nchini wakitafuta mawakala. Sina shaka hilo liliuza kuliko maneno: mtu anauona ukipanda mbele yake, anaomba aujaribu mwenyewe.

Dhana: Mota ndiyo inayoinua mlango.

Johnson alileta mota mwaka 1926, na hadi leo watu wanaipa sifa isiyo yake. Uzito unabebwa na springi. Ile ya kujisokota inakaa juu ya mlango. Mlango ukishuka springi inajazwa nguvu, ukipanda inairudisha kupitia waya unaozungushwa kwenye roda. Mlango uliopimwa vizuri unauinua kwa mkono mmoja, na ukiuacha katikati unabaki palepale.

Springi ya kawaida huhesabiwa mizunguko kama 10,000, yaani karibu miaka saba kwa anayefungua na kufunga mara nne kwa siku. Tafadhali usiifungue mwenyewe. Nguvu iliyofungiwa humo inavunja mkono. Kuhusu mota, ilibidi watoto wafe chini ya milango ndipo Marekani ikapitisha sheria mwaka 1990, na kila mota ya nyumbani iliyotengenezwa tangu Januari 1993 lazima irudishe mlango juu kukiwa na kitu njiani.

Springi ikikatika, kishindo chake ni kama cha risasi. Ukibonyeza swichi baada ya hapo utasikia mota ikiguna, na mlango hauinuki.