Andiko lako la skimu ya umwagiliaji limerudishwa? Angalia kwanza ulivyopiga hesabu ya hasara ya mabadiliko ya tabianchi

Simu zimekuwa nyingi, Mbarali, Wanging'ombe, mpaka Rungwe, watu wanalalamika eti sisi tunaopitia maandiko tunakwamisha miradi. Jamani, hakuna aliyekwamishwa. Umeandika joto likipanda nyuzi 1 mavuno yanashuka kiasi fulani, nyuzi 2 mara mbili yake, basi, ukafunga hesabu.

Haiendi hivyo, kuna kizingiti ambacho kikivukwa hasara inaruka ghafla, na watu wa Usangu nyie ndo mngetufundisha. Pale Ng'iriama maji ya ardhi oevu ya Ihefu yanatoka kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba, yakishuka chini ya usawa wa mwamba huo, mto Ruaha Mkuu haupungui, unakata kabisa, na toka 1993 umekuwa ukikata kiangazi (hapo chanzo kikubwa ni maji tunayochepusha mashambani, msisingizie tabianchi kila kitu). Ila Ihefu mvua ikinyesha inajaa tena. Barafu ya Greenland, kisiwa cha kaskazini ya dunia, joto likivuka kiwango chake hairudi, hata kama kuyeyuka kwenyewe kutachukua karne nyingi, na ikiisha yote bahari inapanda kama mita 7.

Mwaka 2021 mchumi Dietz na wenzake waliingiza mabadiliko 8 ya kuvuka kizingiti namna hiyo kwenye hesabu, gharama ya kila tani ya kaboni (yaani hasara ambayo kila tani ya hewa ukaa inaleta) ikapanda kama asilimia 25, na kuna uwezekano wa asilimia 10 ikazidi mara mbili. Watu wanashika hiyo 25 wanaacha 10, wakati balaa lenyewe liko kwenye 10!

Halafu kuna wale wa "hayo ni ya miaka 100 ijayo". Sawa, ila shilingi milioni 1 ya wakati huo ukiishusha thamani kwa asilimia 5 kwa mwaka leo ni kama 7,600, kwa asilimia 1.4 aliyotumia mchumi Stern kwenye ripoti yake ya 2006 ni kama 249,000. Kwa hiyo andika umetumia asilimia ngapi na kwa nini, usinifiche.

Utaratibu: leta majedwali mawili ya hasara, la wastani na la hali mbaya kabisa. Kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya maji ya bonde, cheti cha mazingira kinapitia NEMC (baraza la taifa la mazingira), kimoja hakifuti kingine. Ndani ya mita 60 za chanzo cha maji hulimi, kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004, ukikaidi ni faini au jela au vyote, hata kama babu yako alilima hapo. Na barua ya diwani iache nyumbani, haibadilishi jedwali.