Mpaka wa shimo jeusi unapimwaje kwa wakati uliopo?

Tangu picha ya shimo jeusi (eneo ambalo mvuto wake hauachii hata nuru kutoka) la galaksi ya M87 ilipotolewa Aprili 10, 2019, dawati letu limekuwa likipokea swali moja kwa sura nyingi: mpaka wa shimo hilo uko wapi hasa, na anayeuvuka anajuaje kwamba ameuvuka? Swali ni zuri na tunalishukuru. Majibu yanayosambazwa ndiyo yanayotutia wasiwasi.

Tuanze na lililo jepesi. Picha ile haionyeshi mpaka. Giza la katikati ni kivuli, na upana wake ni takriban mara 2.6 ya upana wa mpaka wenyewe, uitwao upeo wa tukio, kwa kuwa nuru inayopita karibu mno hupindwa na kumezwa. Hili tumeshalieleza mara nyingi, na tunaomba walimu waondoe kwenye vielelezo vyao kosa la kuliita giza hilo mpaka.

Sasa upeo wa tukio. Ni mpaka wa sehemu ambayo nuru yake haitafika mbali kabisa, hata ikisubiriwa milele. Watu hulipita haraka neno hilo "milele", na kosa lote huanzia hapo. Ili kuuchora upeo wa tukio leo, unahitaji kujua yote yatakayotokea baadaye katika ulimwengu. Hakuna chombo kinachoweza kukupa taarifa hiyo.

Tuseme umekaa katikati ya anga tupu, na kutoka pande zote ganda jembamba la nuru linakujia, lenye nishati sawa na masi ya shimo la M87, yaani Jua bilioni 6.5. Ndani ya ganda hakuna mvuto wowote unaotokana nalo. Kila kipimo chako kitasema anga ni shwari. Hata hivyo, ganda likiwa bado umbali wa kilomita bilioni 38 hivi, upeo wa tukio tayari umezaliwa pale ulipo na unapanuka kwa kasi ya nuru. Upeo huo utakutana na ganda baada ya saa 18 hivi. Wewe utakuwa umeshanaswa zamani, na hutakuwa umehisi lolote. Kisha tuseme kwamba kabla ya saa hizo kwisha ganda limetawanywa na kitu kingine. Upeo ule hautakuwa umefutika. Utakuwa haukuwahi kuwepo kabisa. Kwa hiyo anayetuandikia akidai kwamba mtu "hugonga ukuta" kwenye upeo wa tukio, atafakari vizuri: pale alipo hakuna cha kugonga.

Ndiyo maana tunatumia fasili inayopimika mahali pale pale. Msingi wake aliuweka mwanahisabati Roger Penrose mwaka 1965, katika kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Chukua mkato mmoja, yaani hali ya anga yote kwa papo moja. Chora humo uso uliofungwa, kama ngozi ya mpira. Kutoka kila nukta yake washa mimweko miwili ya nuru, mmoja kwenda nje na mwingine kwenda ndani, kisha baada ya muda mfupi sana pima maeneo ya nyuso mbili zilizotokea. Mahali pa kawaida uso wa nje hukua na wa ndani hupungua. Zikipungua zote mbili, uso wako umenaswa: hata nuru iliyoelekezwa nje inabanwa. Kati ya hali hizo mbili kuna uso ambao mmweko wake wa nje haukui wala haupungui. Ulio wa nje kabisa miongoni mwa nyuso za namna hiyo katika mkato huo huitwa upeo dhahiri. Jina linapotosha, maana hauonekani kwa macho. Udhahiri wake ni wa kihesabu.

Kuutafuta upeo dhahiri kwenye kompyuta, tunaanza na tufe la kukisia. Tunakokotoa upanuzi wa nuru, yaani kiasi ambacho eneo la mmweko wa nje linakua, kwenye kila nukta, tunasukuma nukta hizo hadi upanuzi uwe sifuri kila mahali ndani ya kiwango cha kosa kilichokubaliwa, kisha tunauhamishia uso huo kwenye mkato unaofuata kama kianzio. Mashimo mawili yakiungana, tunatafuta nyuso tatu: moja kwa kila shimo, na moja inayoyazunguka yote mawili. Hiyo ya tatu hujitokeza ghafla. Ikipatikana, inaruhusiwa kukata sehemu ya ndani na kuiacha nje ya hesabu. Atakayekata nje ya upeo atachafua mawimbi ya uvutano (mitikisiko ya anga yenyewe) yanayotoka, na hesabu yote itatupwa na kuanzwa upya. Hapo hakuna msamaha.

Wanafizikia Sean Hayward mwaka 1994, kisha Abhay Ashtekar na wenzake, waliunganisha nyuso hizo kutoka mkato hadi mkato. Shimo likitulia, eneo la upeo na kujizungusha kwa shimo vinatosha kutoa masi yake. Likilishwa, eneo linakua kulingana na nishati iliyoingia, ikiwemo ya mawimbi ya uvutano. Katika muungano wa mashimo mawili ambao mawimbi yake yalinaswa Septemba 14, 2015, masi za Jua 36 na 29 ziliacha shimo la 62 hivi. Makadirio ya namna hiyo hutegemea fomula zilizosawazishwa na hesabu za kompyuta kama hizi.

Mwanafizikia Stephen Hawking alipopendekeza mwaka 2014 kwamba huenda upeo wa tukio hautokei na kilichopo ni upeo dhahiri, vichwa vya habari vilitangaza kwamba mashimo meusi hayapo. Hakukanusha vitu vinavyoangaliwa na wanaastronomia.

Tahadhari moja tunaisisitiza. Upeo dhahiri hutegemea mkato uliochaguliwa. Wanafizikia Robert Wald na Vivek Iyer walionyesha mwaka 1991 kwamba hata shimo la kawaida lisilozunguka linaweza kukatwa kwa namna ambayo mikato inakaribia kitovu bila uso wowote ulionaswa kuonekana. Kutouona uso huo, basi, si uthibitisho kwamba shimo halipo. Kwa shimo lililotulia kabisa, kwenye mikato ya kawaida, fasili zote hukutana mahali pamoja. Kwa linalobadilika, taarifa inayotaja eneo la upeo bila kutaja fasili na mkato tunairudisha kwa mwandishi wake.